Pazia Ndani ya Gari Yangu

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Mimi mwenyewe, mwenye gari. Mukwe wangu, bwana wa binti yangu wa mwisho, ambaye aliendesha, na yeye ndiye aliyetia ile moteri mpya. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu bwana yangu, mzee wa kanisa, mwenye tumbo. Yeye alikaa nyuma. Kule juu milimani tulimkuta dada yangu mkubwa, wa tumbo moja na mimi. Chini Luvungi walitungojea binti yangu, mke wa huyo mukwe, pamoja na watoto wa kaka yetu. Kaka yetu alikuwa amekwisha kufa, lakini namuweka naye, kwa sababu safari ilikuwa yake.

Majina yao yote ninayo. Kila mmoja naweza kumtaja, na baba yake, na kilima alichozaliwa mama yake. Siyaandiki. Isipokuwa mmoja, wote wako hai, na wanajua kununa.

Kwanza mujue gari ni ya nani. Hapa Kilibula ukiuliza, hata mtoto wa jirani atakuambia "gari ya mzee", yaani bwana yangu, na siku hizi wanasema "gari ya fundi", yaani mukwe. Gari ni yangu. Niliinunua na ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Nilikuwa nazichukua ufukoni asubuhi mitumbwi ikiingia, naanika, natia katika magunia, napeleka Sange, Luvungi, na juu milimani ambako mtu akiona ndagala anaona sikukuu. Nilianza na kichwa changu, halafu baiskeli za watu, halafu malori ya watu, mpaka nikachoka kungojea huruma ya madereva. Bwana yangu alijua kuendesha, mimi sikujua. Basi yeye akashika usukani, na watu wakaona usukani, hawakuona magunia. Mpaka leo, jua likiwaka sana, bati ya nyuma inatoa harufu ya ndagala. Anayebisha aje anuse.

Ni gari fupi ya zamani, ya magurudumu yanayovuta yote manne, yenye moteri ya esanse, yaani petroli. Moteri ile ilizeeka pamoja nasi. Mwishoni ilikuwa inakunywa esanse kama mlevi na haipandi kitu. Na ilichagua siku ya kufa. Kaka yetu alipofariki kule Luvungi, dada yangu alikuwa kwake juu milimani, na miguu yake haishuki mlima tena. Pikipiki anaziogopa, alikwisha kuanguka nayo. Nikamtumia habari: kaa kando ya njia na kitenge chako, gari inakuja. Gari ikaondoka Luvungi, ikaanza kupanda, ikafika katikati ya kilima, ikachemka, ikagonga ndani kama mtu anayetwanga, ikanyamaza. Mukwe wangu aliifungua, akaifunga, akairudisha chini kinyumenyume na kamba. Joto la Plaine, uwanda ule wa mto Ruzizi, haliruhusu maiti kungoja. Tulimzika kaka yetu bila dada yake. Yeye alikuwa bado amekaa kando ya njia, na kitenge chake.

Hakuilaumu moteri. Alinilaumu mimi. Kijana wa pikipiki alishuka na maneno yake, nami nikayapokea mbele ya watu: "Mwambieni yule aliyeniacha barabarani, kama anataka nije kwenye matanga, aje kunichukua yeye mwenyewe. Asitume muntu. Akituma muntu, ondoeni matanga bila minye."

Na kwetu, katika ukoo wetu, matanga hayaondoki hivyo. Moto wa kilio unazimwa, lakini majivu yake yanafunikwa na kigae, yanangoja. Anayeyafagia ni ndugu wa tumbo moja na marehemu, wote walio hai, kwa pamoja. Mmoja asipofika, majivu yanabaki uani, mjane haruhusiwi kunyoa wala kutoka kwenda shamba, na watoto hawagawi kitu. Mke wa kaka yangu alikuwa amekaa ndani akingoja miguu ya dada yangu. Kwa hiyo ilikuwa lazima gari ipande ule mlima, na lazima mimi niwe ndani yake. Hayo mawili. Niliyasema wazi kwa kila mtu mwenye masikio.

Wanaume wakasikia moja. La gari kupanda.

Walikaa uani kwangu, wakiizunguka gari yangu, wakila sombe yangu ya majani ya muhogo. Mukwe alikuwa ameona moteri upande wa Bujumbura, ya minibus iliyoingia mtaroni. Gari imekwisha, moteri nzima. Ya mazutu, yaani dizeli, yenye turbo. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko.

"Hii itapanda hata ukuta," mukwe akasema.

"Itaingia?" shemeji akauliza. "Naiona iko ndefu."

"Itaingia, baba. Tutakata kidogo."

"Mutakata nini?" nikauliza kutoka jikoni.

Shemeji akageuka, na sombe mdomoni. "Shemeji, usijisumbue. Ni mambo ya moteri."

"Na minye nitakaa wapi?"

"Utakaa mu gari," akasema, na wenzake wakacheka, kama nimeuliza jua linatokea wapi.

Hapo inafaa nieleze, kwa wasomaji wa mbali, mambo ya mukwe na mama-mukwe. Kwetu hatushikani mikono. Haketi penye mkeka wangu, hali chakula mbele yangu, haniangalii usoni, na akiwa na neno la kuniambia analipitisha kwa mtu mwingine hata kama nimesimama hapo. Ni heshima, siikatai. Nilimpa binti yangu, yeye akanipa heshima, tumetulia hivyo miaka. Tangu bwana yangu alipofariki na mukwe akaanza kuendesha, mimi nilihamia nyuma, kwenye ubao mrefu wa kukalia. Yeye usukani, mimi kule nyuma na magunia yangu, mgongo wake ukiniangalia. Kila mtu alijua.

Moteri ililetwa juu ya mkokoteni, imefungwa na turubai, wanaume wakiisindikiza kama bibi harusi. Wakatoa ile ya zamani wakaiweka chini karibu na banda la kuku, na mpaka leo iko pale, kuku wanataga ndani. Halafu wakaanza kukata. Mwenye kuunganisha vyuma alikuja na mashine yake, cheche zikaruka mpaka kwenye nguo zangu zilizoanikwa. Moteri ya mazutu ilikuwa ndefu kuliko mahali pake. Mbele haikusogea, radiateri kubwa ilikuwa imekwisha kupachukua. Basi wakaisogeza nyuma. Wakakata ule ukuta wa bati unaotenganisha moteri na miguu ya watu. Moteri ikija nyuma, sanduku la vitesi, yaani gia, nalo linakuja nyuma, na levye yake, ile fimbo ya kubadilisha vitesi, ikatokea katikati ya kiti cha mbele kama mti ulioota mezani.

Mimi nilikuwa napita na ndoo yangu, naangalia. Sikusoma sana, lakini kukata nakujua ni kukata.

Nilimuuliza binti yangu turbo ni kitu gani, yeye akamuuliza bwana wake, ambaye alikuwa amelala chini ya gari, hatua mbili kutoka kwangu.

"Mwambie mama," akajibu kule chini, "turbo ni kama muntu anapuliza moto jikoni. Moto ukiwa peke yake unawaka polepole. Ukipuliza, unaruka. Turbo inapulizia moteri."

"Muulize pumzi inaitoa wapi," nikasema.

"Mwambie mama, inavuta. Bomba la kuvuta hewa nimelileta ndani ya gari, kwa sababu nje kuna vumbi ya Plaine na maji ya mito. Ndani hewa iko safi."

"Ndani wapi?"

Binti yangu akainama kuangalia. "Hapa, mama. Penye miguu ya anayekaa mbele. Ameweka na kawavu."

Chujio lake la kweli, sanduku kubwa la plastiki, halikupata nafasi. Lilibaki juu ya paa la banda la kuku. Nalo liko pale mpaka leo.

Siku walipoiwasha, Kilibula nzima ilikuja. Ilitoa moshi mweusi, ikatetemeka, halafu mukwe akakanyaga na ikaanza kupiga mluzi, mluzi mwembamba unaopanda, na watoto wakaruka wakiuiga. Wanaume walipeana mikono. Shemeji aliomba, akamshukuru Mungu kwa fundi, kwa mazutu, kwa safari. Mwenye gari hakutajwa. Nilisema amina.

Asubuhi ya safari, binti yangu alikuwa ametangulia Luvungi na masufuria, kupikia matanga. Nikatoka na kitenge changu kipya na mfuko wa ndagala za dada yangu. Nikazunguka nyuma ya gari ili nipande. Ubao wangu haukuwepo. Penye ubao kulikuwa na pipa la chuma, limelazwa na kufungwa, limejaa mazutu.

"Kiti changu kiko wapi?"

Mukwe aliangalia chini. Shemeji alikohoa. "Shemeji, tanki ya zamani ilikuwa ya esanse, ilitoboka. Fundi ameweka hii."

"Nimeuliza kiti."

"Utaenda mbele."

Kisha akili ikamfikia. Niliona inavyomfikia. Mbele ni mukwe. Mbele ni kile kiti kimoja kirefu, na katikati ile levye, ambayo kila ikibadilishwa mkono wa mukwe unakuja mpaka penye goti la aliyekaa pale. Watu wazima wote wale, wenye wake, wenye mama-mukwe, walipima kila chuma na kamba, wakapima radiateri, wakapima levye, hakuna aliyempima bibi kizee atakayeketi ndani. Na nilikuwa nimeuliza! Niliuliza sombe ikiwa bado mdomoni mwao!

"Basi mama abaki," shemeji akasema. "Tutaenda sisi. Tutamweleza dada yako vizuri, ni muntu muzima, ataelewa."

"Ataelewa nini? Alisema asitumiwe muntu. Weye ni nani, si muntu?"

"Lakini heshima, shemeji..."

"Heshima mulikuwa nayo wapi mulipokuwa munakata?"

Alijaribu kukaa yeye katikati yetu, awe ukuta. Akapanda, akajibana, levye ikaingia chini ya tumbo lake. Mukwe akajaribu kutia ya kwanza. Haikuingia. Akajaribu ya pili. "Baba," akasema kwa upole, "vuta pumzi." Shemeji akavuta pumzi mpaka macho yakatoka. Haikuingia hata hivyo. Akashuka, akaenda kukaa juu ya pipa.

Yeye ndiye aliyeleta shauri la pazia. Alifunga waya kutoka juu ya kioo cha mbele mpaka kwenye bomba la turubai nyuma yetu, akatundika kitenge kizima, kirefu, kikagusa sakafu. Mukwe upande huu, mimi upande ule, na urefu uliobaki akauzungusha mbele yangu mpaka dirishani. Levye ilitokeza katikati ya mikunjo. Hakuuliza kitenge ni cha nani. Kilikuwa changu, kile kipya, nilichonunua kwa ajili ya matanga pamoja na cha dada yangu, sare moja. Nilikuwa nimekiweka juu ya kiti nikibishana naye.

Basi nikapita katika mji wangu, ndani ya gari yangu, nimefichwa kama mtu aliye msalani. Watu walisalimia: "Fundi, safari njema!" Mimi alinisalimia nani? Walisalimia kitambaa.

Penye barriere ya kwanza ya Plaine, kwenye mti unaofunga njia, askari aliinama akaona pazia. "Muko na mugonjwa?"

"Hapana, afande," shemeji akajibu kutoka juu ya pipa. "Ni mama-mukwe."

Askari akanyooka. Alituangalia na heshima kubwa. "Aa. Mumefanya vizuri sana," akasema, akafungua njia.

Njia yote ile mukwe hakuniambia neno. Akitaka kujua kama ninaumia na mashimo, anamwambia shemeji, shemeji anapiga kelele juu ya mlio wa moteri: "Mukwe wako anauliza, kwa heshima, kama mgongo wako uko salama!" Nami nampigia kelele shemeji: "Mwambie mgongo uko, ila sioni njia!" Tuliipita njia ya kuingilia Mutarule nikaijua kwa mabonde yake tu. Mashamba ya mpunga sikuyaona. Nilimpitisha kaka yangu pale mara ngapi akiwa hai, tukisema huu mpunga umependeza, ule umekosa maji. Safari ya kumaliza kilio chake niliangalia maua ya kitenge.

Luvungi hatukusimama. Tukaanza kupanda.

Siwezi kusema uongo: ilipanda. Pale moteri ya esanse ilipofia, hii ilipiga mluzi ikapita. Mukwe akakanyaga zaidi. Nikahisi baridi kwenye vidole vya miguu, kama mtu anavuta pumzi chini ya sketi yangu. Nikaangalia chini. Ncha ya pazia ilikuwa inacheza. Ikacheza, ikajinyoosha, ikaenda yenyewe kwenye kile kibomba cha miguuni, na kibomba kikaishika. Kitenge kizima kikaanza kushuka kutoka kwenye waya kama mtu anayevuliwa nguo. Mluzi ukakatika. Moshi mweusi ukafunika njia nyuma yetu. Gari ikakohoa, ikafa, ikaanza kurudi nyuma.

Mukwe alivuta breki. Shemeji aliruka chini na tumbo lake lote, akatafuta jiwe, akalisukuma nyuma ya gurudumu. Hapo namsifu. Pale tu.

Wakafungua mbele. Nikawasikia.

"Ni mazutu haifiki," mukwe anasema.

"Labda ni hewa imeingia kwenye mazutu," shemeji anasema, ambaye hajashika moteri tangu azaliwe.

"Shemeji," nikaita.

"Pole, shemeji. Tulia kwanza."

"Shemeji, najua ni nini."

"Wacha fundi afanye kazi, mama. Ni mambo ya moteri."

Mambo ya moteri! Kitenge changu kimemezwa mbele ya macho yangu, kati ya miguu yangu, na mimi niambiwe ni mambo ya moteri! Huko juu dada yangu amekaa tena kando ya njia. Huko chini mjane yuko ndani na nywele zake. Majivu yako chini ya kigae. Na wanaume wawili wameinama kwenye moteri wakitafuta mazutu!

Nikatoa kichwa dirishani. "Mukwe!"

Alishtuka kama amechomwa. Sikuwahi kumuita hivyo, mdomo wangu kwa sikio lake, hata siku moja. Shemeji akaweka mkono kichwani.

"Mukwe, nakuambia weye. Pazia iko mu mdomo ya turbo yako. Hapa, penye miguu yangu. Imekunywa kitenge."

Alikuja mbio mpaka dirishani, kisha akakumbuka, akageuza uso. "Baba, mwambie mama anisogezee miguu ili..."

"Mukwe wako anaomba, kwa heshima..." shemeji akaanza.

"Nimesikia! Niko hapa! Sema na minye!"

Akasimama hivyo, anaangalia mlima, jasho linamtoka. Halafu akasema polepole, kwangu mimi, "Mama, toka kidogo, nitoe."

"Sitoki. Nimekwisha kutolewa ya kutosha. Niambie nifanye nini."

"Vuta kwa upole. Usipasue. Kipande kikibaki ndani kitaharibu kila kitu."

Nikainama, na mgongo huu, nikavuta. Kawavu kake kalikuwa kameng'oka upande mmoja na kitenge kilikuwa kimeingia kwenye bomba. "Kinakuja?" "Kinakuja." "Polepole, mama." "Sitwangi, navuta." Kikatoka, kimechanika ncha, cheusi kwa mafuta ya turbo, nami nikapangusa jasho usoni nacho. Akaangaza na simu yake kupitia dirishani mpaka ndani ya bomba, akiuliza kama naona uzi wowote, nami nikaona mmoja, nikautoa na kucha. Shemeji alikuwa amegeuka, anaimba wimbo wa kanisa taratibu ili asitusikie.

Akawasha. Ikakohoa, ikapiga mluzi.

"Pazia tulirudishe wapi sasa?" shemeji akauliza.

Nilikikunja kitenge, nikakikalia. Tukapanda vile, mimi na mukwe, bega hapa na bega pale, kila mmoja akitazama dirisha lake. Akitaka kubadilisha vitesi anasema "samahani, mama", nami nasogeza goti. Samahani ngapi mlima ule!

Dada yangu alikuwa amekaa penye kigogo, pale pale alipokaa siku ya mazishi. Furushi lake limefungwa, viatu vimevaliwa, fimbo mkononi. Gari iliposimama hakuinuka.

"Nani amekuja?" akauliza, na macho yake yako mazima kabisa.

"Minye."

"Weye nani?"

"Yule aliyekuacha barabarani."

Akaangalia gari. "Haipigi kelele kama zamani."

"Imetiwa moteri nyingine."

"Na usoni umefanya nini? Uko mweusi kama sufuria."

Nikashuka, nikamsimulia pale pale. Pipa, pazia, askari, kitenge. Nilikuwa bado nimekasirika, nilisimulia kwa kelele, na yeye akaanza kucheka mpaka akashika ubavu, na kutoka kwenye kicheko akaingia kwenye kilio, nami nikakaa naye penye kigogo. Tulimlilia kaka yetu hapo. Wanaume walingoja mbali.

Halafu ikaja habari ya kukaa. Shemeji akaja na uso wake wa mzee wa kanisa. "Sasa, mama-mukwe wako wawili. Nafikiri inafaa tutafute kitambaa kingine..."

"Cha nini?" dada yangu akauliza.

"Cha heshima, mama."

"Sikia. Ndugu yangu amezikwa minye nimekaa hapa. Umeniona? Hapa. Leo siwezi kuyakosa majivu yake kwa sababu ya goti." Akapanda kwanza, akajisukuma mpaka katikati, akaipanua miguu yake ya ugonjwa, levye ikasimama kati ya magoti yake. "Mukwe, iko namna gani hii kitu? Inauma?"

"Hapana, mama mukubwa," mukwe akasema.

"Basi endesha. Ukihitaji kuitikisa, sema. Nitakusaidia."

Na alimsaidia, kweli. "Ya pili, mama mukubwa." "Hii hapa." Tulishuka mlima ule dada yangu akiwa ameshika levye pamoja na mukwe, anauliza kila kona inaitwa nani kama hajazaliwa pale. Nami niliona njia. Niliona mpunga wa Plaine kule chini, na Ruzizi ikimeta, na mabati ya Luvungi.

Tulifagia majivu pamoja, dada yangu amekaa kwenye kiti kidogo na ufagio mfupi, mimi nimeinama. Yeye alivaa kitenge chake kipya. Mimi nilivaa changu, na ncha yake iliyochanika, na weusi wa turbo. Watu waliuliza nami nikawajibu. Mke wa kaka yetu alitoka nje, akanyolewa, akaoga, akakaa juani.

Hapo ndipo shemeji aliposimama kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru fundi kwa moteri yenye nguvu. Akasema, mbele ya umati wote, kwamba safari ilikwenda vizuri kwa sababu mila zilizingatiwa na pazia lilitundikwa. Watu wakapiga makofi. Mukwe aliangalia chini. Nilingoja aseme neno, hakusema. Binti yangu alinishika mkono nisisimame, nami nikamwachia anishike, kwa ajili ya kaka yangu.

Lakini sasa matanga yamekwisha, na hakuna anayenishika mkono. Pipa limeshuka chini ya gari. Nililisimamia mwenyewe mpaka likafungwa. Ubao wangu umerudi. Chujio bado liko juu ya banda la kuku, naliulizia kila Jumamosi, na namuuliza mukwe mwenyewe, usoni, naye ananijibu.

Kama wewe unayesoma ulikuwepo, uani kwangu au Luvungi au kule mlimani, na umeona nimekosea, njoo Kilibula uniambie. Labda si askari wa barriere ya kwanza aliyetusifu, labda ni wa pili. Labda wimbo alioimba shemeji ulikuwa mwingine. Nirekebishe, nitashukuru, na nitakutaja jina lako na la baba yako bila kukosea. Ila usije kunirekebisha gari ni ya nani.